Waliutazama Moto Wangu

Sehemu ya Sita

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki jana, mambo yako hivi. Mimi Evelina, mama yake marehemu Shigela, bibi wa miaka hamsini na tisa niliyeishia darasa la tatu, nimeingia chuo cha ufundi kujifunza kuchomelea vyuma.

Sikuingia kwa raha zangu. Shigela aliniachia vitu viwili: binti yake Queen, na kibanda cha welding hapa Kisesa kando ya barabara kuu, mashine ikiwa ndani. Shemeji yangu Luhaga, mdogo wa marehemu mume wangu, akakidai kibanda. Ukoo ukakaa, ukaamua kibanda kitabaki kwa mwenye kukifanyia kazi. Luhaga akacheka hadi akashika mbavu, maana alijua fundi hayupo.

Nikawaambia, "Fundi nipo. Nipeni miezi mitatu."

Miwili imekwisha. Leo nasimulia ya macho.

Pale chuoni mjini tulikuwa wanafunzi kumi na wanne na kinga za uso mbili. Kinga ya uso ni ile kofia yenye kioo cheusi unayojifunika ukichomelea, mwanga wa moto usikuingie machoni. Kinga mbili, watu kumi na wanne, na wenzangu wote ni vijana wa kiume wenye jasho la kutosha.

Siku ya kwanza nikapewa moja. Nikaigeuza nione ndani.

Jamani.

Mkanda wa kichwani ulikuwa umeota ukoko mweusi wa jasho na mafuta ya nywele. Pale mdomo unapokaa, mate yamekaukia juu ya mate. Unywele wa ndevu umegandia kwenye kioo. Harufu yake kama kiatu kilicholala ndani ya ndoo ya dagaa.

"Bibi, vaa tu," akasema Renatus, kijana mrefu wa Muleba asiyejua kunyamaza. "Hiyo ni harufu ya elimu."

"Elimu gani inanuka kwapa?"

"Hiyo hiyo, Bibi. Ukihitimu na wewe utanuka."

Wakacheka. Mwalimu Bagenda hakucheka. Yeye ni mtu wa Bukoba, shati limepigwa pasi hata akiwa karakana, na Kiswahili chake kimenyooka kama rula.

"Mama Evelina, unavaa au unampisha mwenzako?"

"Nampisha, mwalimu. Mimi ninayo yangu."

Nikatoa mkobani miwani ya jua ya marehemu Shigela. Mafundi wangapi wa barabarani wanachomelea na miwani ya jua? Si nawaona kila siku?

"Hiyo ni ya kwendea harusini," akasema mwalimu. "Haizuii kitu. Mwanga wa huu moto unaunguza jicho kama chai ya moto inavyounguza ulimi. Unasikia?"

"Nasikia, mwalimu."

"Unasikia lakini huvai."

"Mwalimu, niumwe macho, lakini mdomo wangu siuweki kwenye mate ya wanaume kumi na watatu."

Huo ndio ukweli wangu wa kwanza leo. Sikulazimishwa na mtu. Kinyaa changu mwenyewe ndicho kilichoniponza.

Jioni ile macho yakaanza kuwasha. Usiku nikaona kama mtu amenimwagia mchanga wa ziwani chini ya kope. Asubuhi Queen akaniona, akaangusha kikombe.

"Bibi! Macho yako!"

"Yako wapi?"

"Yako hapo hapo. Lakini yamekuwa kama nyanya masalo zilizoiva hadi kupasuka."

Akanikatia vipande vya kiazi mbatata, akaniwekea machoni, kama marehemu baba yake alivyokuwa akifanya akizidiwa. Siku ya tatu nikapata nafuu. Nikarudi chuoni na miwani yangu ile ile. Nikaumwa tena. Nikapona nusu, nikarudi tena. Ndivyo nilivyo, navumilia hata mambo yasiyofaa kuvumiliwa. Wiki ya nne ilipofika, wekundu ukawa hautoki kabisa.

Na mimi, wasomaji wangu, ni bibi wa Kisukuma.

Walio wa kwetu wameshanielewa. Kwa wengine niseme kwa ufupi: kwetu, ajuza mwenye macho mekundu hapewi pole. Anatazamwa. Halafu anaanza kuhesabiwa vifo vya mtaa mzima.

Jumatatu nilikwenda bombani na ndoo yangu. Mbele yangu wanawake sita. Nikasalimia, "Habari za asubuhi."

Mmoja akavuta ndoo yake pembeni, chuma kikalia kwenye zege. Wa pili akavuta. Wa tatu. Wakaniachia njia kama ninavyowaona watu wakimwachia njia mbwa mwenye upele.

Nikakinga maji yangu. Nilipotoka tu, mmoja akachota mchanga, akamwagia sabuni ya unga, akaanza kulisugua lile bomba nililolishika. Alisugua kwa bidii, meno nje, kama anasugua choo.

Ndipo Teodora akafika.

Teodora ni jirani yangu, anakaanga vitumbua pembeni ya kibanda changu. Mwanamke mnene, mjane kama mimi, na sauti yake haina mlango.

"We! Unasugua nini?"

"Nasafisha bomba, dada."

"Leo? Mwaka mzima limejaa konokono hamkulisafisha! Na vitumbua vyangu mlivyokula asubuhi, mnajua nimekaangia jiko gani? Alilochomelea huyu huyu. Haya, katapikeni!"

Mmoja alishika tumbo kwelikweli. Wengine wakatazama chini.

"Twende, Mama Shigela," Teodora akaniambia, akanipokea ndoo. "Usilie. Macho yenyewe hayana nafasi ya machozi."

Sikuwa nalia. Kinywa kilikuwa kimejaa mate ya kichefuchefu, nimeshindwa kuyameza na nimeshindwa kuyatema, maana ningetema wangesema nimetema dawa.

Watu wa Kisesa si washamba. Hapa barabarani mafundi wapo tangu zamani, na kila mama humkataza mwanawe kutazama welding. Walijua. Kila aliyevuta ndoo alijua. Walichagua kutojua, na hicho ndicho kilichonitia kinyaa kuliko ule mchanga.

Lakini nisijifanye msafi.

Nilipoolewa, kijijini kwetu Magu, nikiwa na miaka kumi na minane, palikuwa na bibi mmoja pale nyumbani, mke mdogo wa baba mkwe. Aliitwa Kabula. Alipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa na vishina vya pamba, moshi mchana kutwa, macho yake mekundu kama ya njiwa. Ndama wakafa watatu. Wanaume wakauliza nani ameona kitu.

Nikasema, "Mimi nilimwona akizunguka zizi alfajiri."

Sikuwa nimemwona. Nilikuwa nimelala na mume wangu. Nilikitaka kibanda chake cha kupikia, kilikuwa na paa zuri lisilovuja, na mimi nilikuwa napikia juani.

Waliichoma nyumba yake ya kulala, kibanda wakakiacha. Kabula akaondoka na chungu kimoja kichwani. Alipita mbele yangu, akanisalimia kama kawaida. Sikuitika. Hajulikani alikoishia.

Nikapikia kwenye kibanda kile miaka kumi na mmoja. Sijawahi kumwambia mtu, si padri, si mume, si Shigela. Nawaambia ninyi.

Basi. Jumatano Luhaga akaja kwangu saa ya chakula, na saa hiyo hajawahi kuikosea.

"Hodi, shemeji."

"Karibu."

Nikamtengea ugali na kipande cha sangara. Akala kama ametoka jela. Mchuzi ukamtiririka hadi kwenye kiwiko, akaufuata kwa ulimi kutoka kiwiko mpaka kiganja. Alipomaliza akachokonoa meno na kipande cha fimbo ya kuchomelea alichookota pale mlangoni kwangu.

"Shemeji, watu wanasema mambo mabaya," akaanza.

"Mambo gani?"

"Kuhusu macho. Mjukuu wa yule muuza mkaa ana homa. Wiki jana pikipiki imeanguka pale pale mbele ya kibanda. Mimi nakutetea, lakini mdomo mmoja utatetea wapi?"

"Nani alianza kusema, Luhaga?"

"Watu."

"Watu wana majina."

Akachomoa ule uchafu kwenye jino, akautazama, akaurudisha mdomoni. Wallahi nilimwona.

"Mimi nakushauri kama ndugu," akasema. "Nipe ufunguo wa kibanda. Achana na chuo. Nenda kapumzike kwa dada yako Mkolani. Mimi nitawaambia watu ni ugonjwa tu, yataisha."

"Nisipokupa?"

"Jumamosi sungusungu wanakaa. Mzee Mashimba, kamanda wao, ameshaambiwa. Wakisema uhame, utahama bila hata sufuria. Na kibanda je, kitakwenda kwa nani?" Akatabasamu, nyuzi za samaki bado mdomoni. "Kitakuja kwangu tu, shemeji. Mimi nataka uondoke kwa heshima."

Pale nikaelewa yote. Kumbe yale ya bombani yalitoka kwenye mdomo huu huu unaokula sangara wangu.

"Umeshiba?" nikamwuliza.

"Nimeshiba, ahsante."

"Basi nenda."

Sahani aliyolia niliiosha mara tatu. Nilipomaliza nikaona nimefanya kama yule mwanamke wa bombani. Nikaitupa.

Kesho yake nikamfuata Mwalimu Bagenda ofisini. Nikamweleza bila kuficha. Nikamwomba barua moja tu, yenye muhuri wa chuo, kwamba mwanafunzi wetu ameumizwa macho na mwanga wa kuchomelea. Nikiisoma Jumamosi mbele ya Mzee Mashimba, yamekwisha.

Akanisikiliza huku akipangusa meza kwa kitambaa.

"Barua hiyo niandike kwa nani?"

"Kwa kamanda wa sungusungu, mwalimu."

"Kuhusu uchawi."

"Kuhusu macho."

"Kuhusu uchawi, Mama Evelina. Tuyaite mambo kwa majina yake." Akakunja uso kana kwamba nimemwekea kitu kinachooza mezani. "Chuo hiki hakiwezi kujibishana na mambo ya kishenzi. Na barua ikisema umeumia hapa, mkuu ataniuliza kwa nini umeumia. Kinga ulipewa, ukaikataa."

"Zilikuwa mbili, mwalimu. Watu kumi na wanne."

"Ukaikataa. Ipo kwenye kumbukumbu zangu."

Nikanyanyuka. Nilipofika mlangoni akasema, bila kuniangalia, "Watu wa namna hiyo hawasomi barua. Waonyeshe moto wenyewe, wataelewa."

Alisema tu, kama mtu anavyomfukuza nzi. Lakini neno lile lilinikaa.

Nje Renatus alikuwa ananisubiri. Alisikia kila kitu, dirisha la ofisi halina kioo.

"Bibi, chukua kinga moja mpaka Jumatatu. Mimi nitasema ipo kwa fundi."

"Utafukuzwa."

"Nitafukuzwa nikinuka vizuri."

Nikaenda nayo nyumbani. Nikaikalisha kwenye maji ya moto, nikaisugua na majivu mara nne, nikashona kitambaa cha kanga ndani pale panapogusa mdomo. Kazi ya nusu saa. Nusu saa tu, na macho yangu yangekuwa salama tangu siku ya kwanza.

Jumamosi saa kumi jioni watu wakaja kibandani. Sikutegemea wawe wengi vile. Wazee, wanawake wa bombani, madereva wa bajaji waliokosa abiria, wote wamejipanga nusu duara. Mzee Mashimba amevaa koti lake la kijeshi lisilo na vifungo, kirungu mapajani. Luhaga amekaa karibu naye, kanyoa ndevu, kama mtu anayekuja kupokea mahari.

Nikapiga goti, nikasalimia, "Shikamoo, Mzee Mashimba."

"Marahaba, mayu. Kaa." Ndivyo Wasukuma tunavyomwita mama. Akanitazama machoni muda mrefu. Sikuinamisha uso. "Mtaa unauliza macho haya umeyatoa wapi."

"Kwenye moto wa welding, mzee. Najifunza kazi ya marehemu mwanangu."

"Shigela alichomelea hapa miaka minane," Luhaga akadakia, "na macho yake meupe kama maziwa! Na mafundi wengine wote wa barabarani? Mbona wao hawana?"

"Wao wanajua kukwepa," nikasema. "Wanageuza uso. Mimi mwanafunzi, nilikuwa nakodoa nione mshono. Na Shigela aliugua mara nyingi, wewe hukujua kwa sababu hukuwa unakuja ila saa ya kula."

Watu wakacheka kidogo. Teodora akacheka sana. Luhaga akasimama.

"Sawa! Kama ni moto, si mashine hiyo hapo? Washa! Sisi tutautazama huo moto. Kesho tukiamka na macho meupe, tutajua ni moto au ni mtu."

"Eeh!" wakasema baadhi. "Awashe!"

Mzee Mashimba akafikiri. Halafu akatoa amri ambayo nadhani ni mtu wa kwetu tu anayeweza kuitoa.

"Atawasha, na sisi wote tutatazama. Asiwepo wa kugeuza uso. Atakayefumba macho au kujifunika, huyo ana lake jambo analolificha, na tutamweka upande mmoja na huyu mama."

Nusu duara lote likakaza shingo. Nani afumbe macho tena? Hata waliokuwa wamesimama nyuma wakasogea mbele, waonekane hawaogopi.

Wasomaji wangu, hapo nilikuwa na nafasi ya kusema. Ningesema, "Mzee, msifanye hivyo, mtaumia, sekunde moja inatosha." Nilikuwa na akili timamu. Nilikuwa nimefundishwa.

Nikawatazama. Yule wa mchanga na sabuni, alikuwa mstari wa mbele, mikono kiunoni. Muuza mkaa. Luhaga na shingo yake. Kinyaa kikanipanda kutoka tumboni mpaka puani.

Nikasema, "Sogeeni karibu. Kwa mbali hamtaona vizuri."

"Mbona wewe unajifunika?" akauliza mtu nilipoinua kinga.

"Mimi yangu yameshaharibika. Hayana cha kuonyesha."

Nilikuwa na grili ya dirisha iliyofika nusu. Mtu wa kunishikia vyuma visicheze hakuwepo. Teodora akajifunga kanga kiunoni, akaja.

"Nitashika mimi. Nataka niwe karibu, niwaone wanavyoaibika."

Akachuchumaa. Uso wake ulikuwa mkono mmoja kutoka kwenye moto. Kanga moja tu ningeitupa kichwani kwake. Lakini Mzee Mashimba alikuwa amesema kila ajifunikaye awekwe upande wangu, na kila jicho lilikuwa kwa Teodora. Nikajiambia namlinda.

Nikagusa chuma kwa fimbo.

Moto ukawaka, mweupe wa bluu, na vivuli vyetu vikaruka juu ya mabati. Watu wakasema "Aaah!" Hakuna aliyegeuka. Kwa kuwaonyesha tu, fimbo moja ingetosha. Ya kwanza ilipoyeyuka nikaunganisha fimbo ya pili. Ya tatu. Nikachomelea maungio yote ya grili ile, hata yaliyokuwa yameshashika nikayarudia. Fimbo saba. Katikati nilimsikia Luhaga akisema kwa sauti ya kujikaza, "Mbona kawaida tu! Taa tu hii!"

Nikawasha ya nane kwa ajili yake.

Nilipoinua kinga, walikuwa wanapepesa macho, machozi machache, wanacheka.

"Haya," akasema Mzee Mashimba, akijifuta na mkono wa koti. "Kesho tutaona."

Teodora akanipiga begani. "Mshono wako umenyooka, Mama Shigela. Chuo kinakufundisha kwelikweli." Akafunga meza yake ya vitumbua, akaenda nyumbani akiimba.

Jumapili, jua halijapanda vizuri, nikasikia filimbi. Filimbi ya sungusungu unaijua, haifanani na ya mpira. Moja. Mbili. Zikawa nyingi, zinakuja upande wangu.

Nikafungua mlango.

Uwanja wangu ulikuwa umejaa. Watu thelathini, labda zaidi. Wengine wameshikana mikono kama watoto wa chekechea. Wengine wamejifunika kanga usoni. Yule wa bombani ameketi chini, anajipiga mapaja, anapiga kelele kwamba kuna pilipili ndani ya kichwa chake. Luhaga ameshikiliwa na mkewe, kope zimevimba kama maandazi, usaha na machozi vimechanganyika vinamtiririkia midomoni, naye anavilamba bila kujua. Nilitazama pembeni.

Ningefurahi. Nilipanga kufurahi. Sasa mmeona, sasa mmejua ni moto! Hotuba nilikuwa nayo tayari.

"Mzee Mashimba," nikaanza, "sasa mmeona wenyewe kwamba ni mwanga wa..."

"Amewaloga wote!" akapaza sauti mke wa Luhaga.

"Lakini si mlisema..." nikajaribu.

"Moto huo upo hapa Kisesa tangu zamani! Nani ameshawahi kuamka hivi, mtaa mzima, siku moja? Nani? Moto ni ule ule. Kilichobadilika ni mkono!"

"Mkono!" wakaitikia. "Mkono wake!"

Mzee Mashimba alikuwa amesimama, kirungu amekigeuza fimbo ya kupapasia. Macho yake hayafunguki. "Mayu," akasema polepole, "nilitaka jibu la macho mawili. Wewe umeniletea sitini."

Nilikuwa nimejitolea ushahidi mwenyewe, nikajihukumia nao.

"Ni maumivu ya siku mbili tu!" nikasema. "Maji ya baridi, giza, vipande vya kiazi. Kesho kutwa mtaona. Hospitali watawapa matone. Nendeni mkaulize!"

"Kesho kutwa utakuwa wapi wewe?" akauliza mtu, na mwingine nyuma akasema neno "petroli", si kwa sauti kubwa, kama mtu anayekumbushia kitu cha kununua dukani.

Ndipo wakapisha katikati.

Teodora alikuwa analetwa na binti wa jirani, kamshika kiwiko. Sikumtambua mara moja. Uso wote mwekundu, umeiva, ngozi ya paji imeanza kufanya malengelenge. Yeye alikuwa karibu kuliko wote. Macho ni mistari miwili tu iliyovimba.

Kelele zikapungua. Wote wanajua Teodora ni wangu.

"Yuko wapi?" akauliza. "Mama Shigela, uko wapi?"

"Nipo hapa, Teodora."

Akageukia sauti. "Usiku kucha nimewaambia ni moto. Nimegombana nao tangu saa nane. Nimewaambia, mwenzangu hana ubaya, ni moto, mwenyewe nilikuwa pale." Sauti yake, ile isiyo na mlango, ilikuwa ndogo. "Halafu nikakumbuka kitu."

"Jana, kabla watu hawajafika. Nilikuwa kwenye meza yangu. Nilikuona umempeleka Queen ndani ya nyumba, hapo nyuma ya kibanda. Ukafunga dirisha, ukaziba na blanketi, ukazungusha ufunguo kwa nje. Nikajiuliza, kwa joto hili? Nikasema labda hataki mtoto asikie matusi."

Ni kweli. Hilo nililiruka hapo juu nilipokuwa nawasimulia. Niliona haya. Nilimfungia Queen ndani kabla Luhaga hajasema "washa", kwa sababu tangu Alhamisi, tangu mlangoni kwa Bagenda, nilikuwa nimeshaamua nitauwasha.

"Mama Shigela," akasema Teodora, "ulijua?"

Mzee Mashimba akanyanyua mkono. Filimbi zikakatika.

"Mwacheni ajibu," akasema.

Nikisema sikujua, basi si mwanga, si kazi, si elimu. Ni mkono wangu, na lile neno la petroli lipo tayari. Nikisema nilijua, nimenusurika uchawi, lakini nimekiri mbele ya mtaa mzima kwamba niliwaunguza macho kusudi, na kibanda nimekitoa kwa mdomo wangu mwenyewe. Na Teodora. Na Teodora je?

Alikuwa amenyoosha mkono, unapapasa hewani, unanitafuta.

Nikafungua mdomo.

Nyuma yangu Queen akanivuta gauni. "Bibi," akanong'ona, "kataa."